Nyumba ya Askofu Nyuma ya Tanuri la Mikate

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinipa mbuzi, blanketi zito na hotuba. Mbuzi tumeshamla, blanketi ninalo magotini ninapoandika. Hotuba ndiyo iliyonisumbua. Ilitaja kila cheo nilichowahi kupewa, hata vile nilivyokuwa nimevisahau, lakini haikutaja mnyama hata mmoja. Mgeni angeisikia angedhani nilikuwa karani. Basi nimeona niwaandikie mwenyewe yale ambayo hotuba iliyaruka, hasa ya miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana Mbeya na baadaye Iringa, nikijifunza kuwajengea wanyama nyumba zisizowaumiza. Wengi wenu mnajua kutibu kidonda. Mimi nataka kuwapa habari za kidonda kisichotokea. Hicho hakina shukrani, kwa sababu hakuna anayekiona.

Nilifika Mbeya kutoka Tukuyu nikiwa na sanduku la bati, viatu vya Jumapili, na Kiswahili cha darasani ambacho Kinyakyusa kilikuwa kikichungulia kila dirisha. Karakana ilikuwa nyuma ya kliniki ya daktari wa mifugo, Mwingereza mrefu, mkali wa maneno, mpole wa mikono. Kazi yake kubwa ilikuwa ng'ombe. Lakini wazungu wa mjini na wa mashambani walifuga mbwa, kasuku, kobe na tumbili, na hao wote waliletwa kwake wamechubuka, wameng'oka kucha au wamevunjika miguu. Baada ya kushona vidonda vile vile mwaka hadi mwaka, aliona nafuu aajiri seremala. Seremala huyo alikuwa Fundi Zakaria, Mbena wa Njombe, na mimi nikakabidhiwa kwake.

Zakaria alikuwa amechonga majeneza muda mrefu kabla ya kuhamia kwenye vizimba. Alisema kazi ni ile ile, tofauti ni moja tu: wa jeneza hageuki. Wa kizimba anageuka kutwa kucha, anajikuna, anakimbia, anaruka, na kila kona uliyoiharakisha ataikuta.

Siku ya kwanza aliniambia nitengeneze kizimba cha kasuku. Randa nilijua kuishika tangu shule, kwa hiyo nilimaliza kabla ya chakula cha mchana, nikajiona nimefika. Zakaria hata hakukitazama. Alichukua pamba mbichi, ile ya kutoka shambani, akanitilia kiganjani.

"Pangusa," akasema.

"Nje, fundi?"

"Nje anakaa nani?"

Nikapangusa ndani. Kila palipokuwa na kibanzi, ncha ya msumari au waya uliokatwa vibaya, pamba ilinasa ikabaki. Nilipomaliza, kizimba changu kilikuwa kimeota mvi.

"Ngozi ya mnyama ndiyo hiyo pamba," Zakaria akasema. "Haya, ondoa mvi."

Niliondoa mvi kwa msasa na tupa mpaka jioni, na vidole vyangu ndivyo vilivyochubuka badala ya kasuku. Nilimchukia sana mzee yule siku ile. Leo nikikumbuka, natamani ningempelekea kuku. Kila kizimba kilichotoka mikononi mwangu tangu hapo kilipanguswa kwa pamba kwanza, na mlioniona nikitembea na pamba mfukoni msidhani nilikuwa naumwa masikio.

Kesi ngumu hazikukosekana. Kulikuwa na kobe wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba la kahawa. Kobe huyo alishinda akisukuma uso kwenye wavu wa waya mpaka akawa na kidonda juu ya mdomo kisichopona. Daktari alimpaka dawa, kobe akaifutia kwenye wavu. Zakaria alikwenda, akachuchumaa, akaweka shavu lake chini kabisa usawa wa kobe, akakaa hivyo mpaka yule mama akaanza kuuliza kama fundi ni mzima. Kisha akainuka akapigilia ubao mmoja chini ya wavu, kuuzunguka wote. Basi. Kobe hakuona tena nyasi za upande wa pili, na kidonda kikapona. Njiani kurudi Zakaria aliniambia, "Mnyama haendi anakotaka. Anakwenda anakoona." Sijapata kusoma kitabu chochote cha kazi yetu chenye sentensi bora kuliko hiyo.

Ndipo zikaja habari za Askofu.

Ilikuwa mwanzo wa kipupwe, wakati Mbeya na Iringa zinaposhindana kwa baridi na hakuna anayeshinda. Daktari aliitwa misheni moja ya Kikatoliki karibu na mji wa Iringa, akanichukua mimi, kwa sababu mgongo wa Zakaria ulikuwa umekataa safari za vumbi. Kabla sijapanda gari, mzee alinishika bega. "Usianze kupima," alisema. "Kaa kwanza umtazame. Futi kamba haikimbii."

Askofu hakuwa askofu. Alikuwa iguana, mjusi mkubwa wa kijani kutoka Amerika, mla majani, mwenye safu ya miiba laini mgongoni na ngozi inayoning'inia chini ya kidevu. Mwenye mjusi huyo, Padre Anselmo, aliletewa na ndugu yake aliyekuwa mmisionari huko Amerika ya Kusini, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Padre alimpa jina hilo kwa jinsi alivyokaa kwa heshima na kutikisa kichwa kama anayepokea maombi. Alipokuja askofu wa kweli kutoa kipaimara, mjusi aliitwa Petro mpaka mgeni alipoondoka. Watu wa vijijini wao hawakuhangaika na majina. Walimwita kenge, na baadhi walipita mbali na nyumba ya Padre wakisema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo, ila hawakutegemea kumkuta katika msafara wa mapadre.

Padre mwenyewe alikuwa Mzungu, mzee sana. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Kihehe alikizungumza kuliko baadhi ya Wahehe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kila siku baada ya Misa alikaa barazani, akawekewa Askofu mapajani, akampitisha vidole kutoka puani hadi ncha ya mkia, taratibu, kama mtu anayesoma. Kwa hiyo jeraha lolote alilijua kabla ya sisi wenye macho, na hakuna aliyeweza kumficha.

Siku ile vidole vyake vilikuwa vimekuta mambo mengi. Pua ya Askofu ilikuwa imechubuka mpaka nyama. Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Na tumbo lilikuwa na jeraha la moto, jekundu, la pili katika baridi ile ile.

Daktari alimtibu kimya kimya. Alipomaliza, Padre alisema, "Daktari, nimemfuga kwa furaha yangu, sikumwuliza yeye. Nikimkuta na jeraha jingine nitakuomba umchome sindano alale asiamke. Siwezi kumweka hai anifariji mimi, huku yeye anaungua."

Daktari akasema, "Nitafanya hivyo, Padre."

Aliyekuwa ameshika beseni la maji alikuwa Mama Roza, mwoka mikate wa misheni. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha Askofu majani ya maboga na mchicha, na nyanya moja moja zilipopatikana kutoka Ilula. Aliweka beseni chini akatoka nje, na tukamsikia akipenga kamasi nyuma ya nyumba. Daktari alirudi Mbeya akaniacha pale. Aliniambia, "Sindano nimeahidi. Hakikisha sitaitumia."

Nikafanya alivyoniagiza Zakaria. Nilikaa nikamtazama.

Kizimba cha Askofu kilikuwa sanduku la wavu wa kuku, limewekwa karibu na dirisha la kioo ili apate jua. Alikuwa akiona miti kule nje, akasukuma pua kwenye wavu, akapumzika, akasukuma tena. Kama kobe wa yule mama. Kucha zilikuwa zikinasa katika matundu ya wavu alipopanda. Na kwa kuwa Iringa ni baridi, mpishi wa Padre alikuwa akimpashia jiwe jikoni na kumwekea alilalie. Mpishi alifanya kwa huruma kabisa. Daktari alikuwa amenieleza jambo ambalo nawaomba mlishike: mjusi wa namna hii amezoea joto lishuke kutoka juu, kutoka kwenye jua. Tumbo lake halijui kujitetea. Akilazwa juu ya kitu cha moto atatulia pale pale huku anaungua, akidhani amebarikiwa. Jambo la pili alilonieleza ni kwamba jua lililopita kwenye kioo lina mwanga na joto, lakini halimjengi mjusi mifupa. Anahitaji jua lenyewe.

Kwa hiyo nilitakiwa kumpa joto lisilomgusa, jua lisilo na kioo, na kuta asizoweza kuzipigania, na hayo yote mahali ambapo asubuhi umande unakuwa mweupe kama chumvi. Nilichora, nikafuta. Nikafikiria kuchimba handaki la mkaa, nikaogopa moshi. Nikafikiria mapipa ya maji ya moto, nikafikiria ni nani atakayeyabeba kila siku. Mama Roza alinikuta nimekaa nyuma ya jengo lake la mikate, nimeegemea ukuta, nimeshika tama.

"Kamwene, fundi," alinisalimu.

"Kamwene, Mama."

"Umepata?"

"Sijapata. Nawaza mahali pa kupata moto."

Alinitazama jinsi nilivyokaa, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. "Na wewe mgongo wako unapata wapi moto, mwanangu?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyuma wa tanuri lake. Nilikuwa nimekaa pale kwa sababu nilisikia baridi, kama walivyokaa paka wa misheni wote, na akili yangu haikuwa imeambiwa na mgongo.

"Weka kiganja hapo," alisema. "Haya, sali Salamu Maria."

"Mimi Mlutheri, Mama."

"Basi sali ya kwenu, ila isiwe fupi."

Nikasali Baba Yetu mpaka Amina, mkono ukiwa umebandikwa ukutani. Ulikuwa umepata joto zuri tu. Mama Roza akanieleza kipimo chake. Ndani ya tanuri, ukinyoosha mkono ukaanza Salamu Maria, usipoweza kufika katikati, mikate iingie. Ukiimaliza yote, ongeza kuni. "Lakini huku nyuma," alisema, "unamaliza kumi zima la rozari, na usingizi unakuchukua. Na matofali hayapoi. Tunaoka kila siku ya Mungu." Daktari alipopita tena na kipimajoto chake, alikibandika ukutani asubuhi, mchana na jioni, akakitazama sana, akasema anakubaliana na rozari. Alimwomba Mama Roza ruhusa ya kuitumia njia hiyo kwa wateja wengine, akaambiwa ruhusa ipo, ila lazima wabatizwe.

Tukaanza kujenga. Nyumba ya Askofu iliegemea ukuta ule, ikatoka nje hadi uani. Ilikuwa na kimo cha mtu kusimama, kwa sababu mjusi huyu ni wa mitini, na nyumba fupi humfanya aruke ovyo. Wavu wa kuku nilikataa kabisa. Badala yake nilitumia mianzi, iliyosimamishwa wima, imekaribiana kiasi cha kutopitisha kichwa chake. Mwanzi ni laini, hauna tundu la kunasa ukucha, na pua ikiusugua inateleza. Kwa chini, usawa wa macho yake, niliziba kwa mbao nilizopiga randa mpaka pamba ikapita bila kunasa. Ukutani kwenyewe niliweka matawi manene yenye magome, mapana kama mwili wake, yasiyogusa matofali, apate joto la ukuta bila kuulalia. Nusu ya paa iliezekwa kwa nyasi, nusu iliachwa mianzi mitupu jua lipite. Milango iliteleza badala ya kufunguka kwa bawaba, kwa maana mlango wa bawaba na mkia mrefu ni maadui wa kudumu.

Mianzi ililetwa na mume wa Mama Roza, Baba Kristofa, mtunza bustani wa misheni, Mhehe wa maneno machache na mzaha mwingi. Alinitania kila siku kwamba Wanyakyusa tunajua ndizi tu. Uani palikuwa na kichaka cha mianzi hai, na nikaona vizuri tukiache ndani ya nyumba, Askofu apate kivuli na mahali pa kupanda. Baba Kristofa akakitazama kile kichaka kwa mapenzi, akasema, "Umefanya vyema, fundi. Mwanzi huu ni mzuri." Mimi kwetu mwanzi ni nyumba, ni kikapu, ni uzio. Nikadhani ananisifu ujenzi.

Askofu alihamia. Siku za kwanza alijificha. Kisha akapanda tawi la ukutani, akajinyoosha, akaning'iniza miguu yote minne kama mzee aliyeshiba. Pua ilipona. Ukucha ulianza kuota. Kila siku Padre alipitisha vidole vyake, na kila siku Mama Roza alisimama mlangoni ameshika khanga yake hadi vidole vifike mkiani. Padre akaanza kuimba tena akiwa barazani, wimbo wa kwao. Mama Roza alisema alikuwa hajauimba tangu macho yake yafungwe.

Nilirudi Mbeya. Masika yalipokolea nikatumwa Iringa kurekebisha mlango mmoja uliovimba kwa unyevu. Nilifika asubuhi, nikaingia uani, nikatazama juu. Ndani ya nyumba ya Askofu, kwenye kila chipukizi la mwanzi lililokatwa ncha, ilining'inia mbeta.

Kwa wenzangu msiojua Iringa: mbeta ni kipande cha mwanzi kinachokinga utomvu wa chipukizi lililogemwa, na utomvu huo ndio ulanzi. Ukiteremshwa mapema ni mtamu na mpole, hata watoto wanaonja. Ukilala, unaamka pombe. Na Baba Kristofa alikuwa amekwenda msibani Kalenga. Ulanzi ulikuwa umelala vizuri sana.

Askofu alikuwa juu kabisa, kichwa chote ndani ya mbeta. Akakitoa, akalamba midomo, akakirudisha. Nilipomwita Mama Roza, mjusi aligeuka kunitazama kwa upole mkubwa, akainua mguu wa mbele kushika tawi ambalo halikuwepo. Niliingiza mkono kati ya mianzi lakini sikumfikia. Alianguka chali. Sakafu ilikuwa udongo laini uliochanganywa na majani, nami niliutandika kwa ajili ya jambo kama hilo, lakini mkia ulipiga ukingo wa beseni la jiwe nililomwekea la maji ya kunywa. Ukakatika. Kipande kilibaki kikicheza peke yake kwenye majani.

Mama Roza alikuja akaona, akaketi chini pale pale kwenye matope. Alisema maneno mawili tu: "Sindano, jamani."

Baba Kristofa aliingia kutoka msibani wakati ule ule, fimbo mkononi. Aliangalia mbeta, akaangalia mkia. Hakuna aliyemwuliza. Kwa Mhehe, kuacha mwanzi mzuri upite masika bila kugemwa ni sawa na kuacha ng'ombe mwenye ndama bila kumkamua, na uzio kuuzunguka haubadilishi neno. Aliinama akamchukua Askofu kwa mikono miwili, akamfunika kwa koti lake la msibani.

"Twende," alisema. "Padre atamshika leo hii hii. Afadhali aambiwe."

Tulikwenda watatu. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kama nyundo ya mwanafunzi, kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Padre alikuwa barazani, mikono imeshatandikwa mapajani ikingoja.

"Padre," Baba Kristofa alianza, "ameumia."

Padre alinyoosha mikono, akapewa. Vidole vikaanza puani, kama kawaida. Vikakaa pale. Vikashuka kidevuni, shingoni, miguuni, kila ukucha. Vikageuza tumbo, vikalipapasa lote. Vikafuata mkia, na mahali ambapo mkia ulitakiwa kuendelea, vikasimama.

"Kimemkata nini?" aliuliza.

"Beseni, Padre. Alianguka."

"Mjusi haanguki mtini, Kristofa."

"Huyu alikuwa amekunywa."

Padre aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Amekunywa nini?"

"Ulanzi, Padre. Niligema mwanzi wa ndani. Nilikwenda kuzika, ukalala. Kosa ni langu. Fundi hakujua, yeye Mnyakyusa."

Padre alimsogeza Askofu karibu na pua yake, akanusa. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Mama Roza naye alidhani hivyo, akaanza kulia kweli. Kumbe mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi Mama Roza akampigapiga mgongoni.

"Kristofa," alisema alipopata pumzi, "kama kila aliyeanguka kwa ulanzi katika parokia hii angechomwa sindano, Jumapili ningesalisha viti." Kisha akatulia, akarudisha vidole kwenye pua ya Askofu, akaisugua polepole. "Pua ni nzima. Tumbo ni zima. Kucha zote zipo. Nyumba haijamwumiza. Ameumia kama sisi tunavyoumia, kwa kupenda kitu kizuri. Mwambieni daktari aje na dawa. Sindano aiache."

Mimi nililia, sitaficha, na sikuwa na khanga ya kufutia. Daktari alikuja, akatibu, akasema mkia utaota, ingawa mfupi na wa rangi ya kiatu kikuukuu. Na ndivyo ulivyoota. Baba Kristofa aliendelea kugema, lakini mianzi ya nje ya uzio, na beseni la jiwe tulilifukia ardhini mpaka ukingo ukalingana na udongo. Hilo lishikeni pia: kila nyumba uliyojenga vizuri ina kitu kimoja kigumu ulichokisahau, na mnyama atakitafuta. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimejenga vizimba vingi tangu wakati ule, vingine vya wanyama wakubwa, vingine mnavyovitumia ninyi mpaka leo. Kila mahali nimesifiwa kwa mambo niliyopewa na wengine. Pamba ni ya Zakaria, Mungu amlaze pema. Jua na tumbo la mjusi ni vya daktari, aliyenifundisha bila kunidharau wakati ambapo kudharauliwa kulikuwa jambo la kawaida. Ukuta ni wa Mama Roza. Mimi nilichangia mbao na bahati ya kuwa katikati ya watu hao, na nawashukuru wote kwa moyo wangu wote.

Kipupwe kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vyote. Nilikwenda misheni kukagua nyumba. Padre alikuwa amekonda, amefungwa mablanketi barazani, meno yakigongana, na jiko la mkaa alilowekewa miguuni lilikuwa likimkohoza tu. Alinitambua kwa hatua.

"Fundi," aliniita. "Mlango wa Askofu una upana gani?"

"Unanipitisha mimi na ndoo, Padre."

"Na mzee mmoja na kiti?"

Nilidhani ananitania. Mama Roza hakudhani hivyo. Alikwishachukua kiti.

Tukampitisha, Baba Kristofa akimshika huku, mimi huku, tukakiweka kiti chini ya tawi la ukutani, mgongo wake ukiwa karibu na matofali, jua likimwangukia magotini kupitia mianzi. Meno yake yakaacha kugongana. Askofu alimtazama kutoka juu kwa jicho moja, akashuka taratibu na mkia wake wa viraka, akajilaza mapajani mwa Padre. Vidole vikaanza puani.

"Mama Roza," Padre alisema, "mchana uji uletwe huku."

Nilitoka nyuma ya Mama Roza na Baba Kristofa, nikautelezesha mlango hadi karibu na mwisho. Mkono ulikuwa umeshashika komeo, nikasita, sijui nimfungie nani. Nikaliacha wazi.

Nilishinda pale uani hadi jioni nikipiga randa. Hakuna aliyetoka.